Siku nane kusini na baiskeli ya betri

Jumamosi: Dar hadi Mtwara

Baiskeli yangu haipandi ndege. Ndege za abiria hazichukui betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na ya kwangu ni 625, kwa hiyo tukaenda na basi: baiskeli kwenye buti, gurudumu la mbele limetolewa, na betri yenyewe, kilo tatu na nusu, nimeipakata kuanzia Mbagala hadi Mtwara kama mtoto mwenye homa. Konda alitaka nilipie mzigo wa pikipiki. Nikamwambia hii ni baiskeli. Akainyanyua kwa mkono mmoja, ikamshinda, akatia na wa pili. "Baiskeli gani ina uzito huu, kaka? Hii imemeza kitu." Tukaishia katikati ya bei yake na bei yangu.

Kwa asiyeijua: ni baiskeli ya milimani, kilo 24, tairi nene, shokapu mbele na nyuma, na mota imekaa pale pedeli zinapozungukia. Haina ekseleta. Usiponyonga, haiendi. Ukinyonga, mota inapima nguvu ya mguu wako na kuongeza ya kwake. Ngazi ya kwanza inakugusa mgongo tu, ya nne inakusukuma kwa fujo, na ukifika kilomita 25 kwa saa inakuachia upambane mwenyewe. Ndiyo sheria ya Ulaya ilikotoka, wati 250 na mwendo huo, na sijaona sababu ya kuichokonoa. Niliinunua kwa mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikienda nayo kazini na kurudi. Dar inaidhalilisha. Nilitaka kuiona ikifanya kazi iliyoumbiwa, na milima ninayoijua mimi ni ya Newala.

Jumapili: Mikindani

Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kilomita kama kumi za lami, nusu saa, hata jasho halijatoka. Nilizima mota nusu ya njia kwa sababu barabara imelala na kusi la Agosti lilikuwa mgongoni.

Raha ilianza nyuma ya Boma. Lile jengo la Wajerumani la mwaka 1895 limekaa juu kidogo ya mji, na nyuma yake kuna vijia vinavyopanda kilimani kwenye vichaka. Kwa baiskeli ya kawaida ningesukuma. Nikaweka ngazi ya tatu, nikakaa kitako, nikapanda huku naangalia ghuba ikifunguka chini yangu, mibuyu, ngalawa, mapaa ya bati yenye kutu. Nilipofika juu nikageuza nikashuka, kisha nikapanda tena. Mara nne. Hapo ndipo niliposhika jambo ambalo Dar haikunifundisha: mota haifupishi safari. Inakurudishia mlima. Kwa nguvu ya miguu peke yake, mlima mmoja unamaliza hamu ya asubuhi nzima. Hapa unashuka kwa starehe, ukitamani unarudi juu kushuka tena.

Livingstone alianzia hapa mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya kwenda bara, na ngamia na punda alikuja nao. Wale nao walihitaji chaji, ya majani.

Jumatatu: Msimbati

Kila mtu Mtwara aliniambia nenda Msimbati, ufukwe mzuri, mchanga mweupe. Ufukwe ni mzuri kweli. Mchanga ndio kesi.

Baada ya Madimba kulianza kuwa na vipande vya mchanga tifutifu, ule wa kumeza gurudumu la mbele na kukutupa ubavuni. Nilianguka mara mbili, mara ya pili mbele ya watoto wa shule waliosimama kimya kwa heshima hadi nilipoinuka, ndipo wakacheka. Upepo wa tairi ulikuwa paundi 28. Nikaupunguza hadi 16, tairi zikalala kama nyayo za ngamia, na mambo yakanyooka kidogo. Lakini mchanga mkavu ni mwizi wa betri: kilomita nne tu zilikula asilimia 11. Kwenye ardhi ngumu asilimia hizo zingenifikisha kilomita kumi.

Ufukweni nilisubiri maji yapwe. Mchanga uliolowa na kushindiliwa na bahari ni mgumu kama lami, na hapo unapepea kweli, maji upande mmoja, minazi upande wa pili. Mvuvi mmoja aliyekuwa anapara samaki akaniuliza betri inachajiwa wapi. Nikamwambia jana usiku, gesti, Mtwara mjini. Akaelekeza kisu upande wa Mnazi Bay. "Basi umeturudishia gesi yetu." Ana hoja. Umeme wa Mtwara unafuliwa kwa gesi ya hapohapo, iliyogunduliwa mwaka 1982, na ile inayosafishwa Madimba inaenda kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2015.

Jioni nilitumia saa nzima kuisuuza baiskeli kwa maji baridi ya ndoo na kitambaa, polepole, bila kupuliza maji kwa nguvu kwenye mota, kisha cheni nikaifuta na kuitia oili. Chumvi haina urafiki na chuma. Msimbati nitarudi, lakini kuogelea.

Jumanne: Mtwara hadi Tandahimba

Siku ya hesabu. Kilomita 90 na zaidi, nyingi za kupanda, kwa namna ambayo macho hayaoni ila betri inaona. Niliondoka saa kumi na mbili asubuhi, ngazi ya kwanza, nikijiapiza kutogusa ya tatu.

Lami ya kutoka Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, haina la kusimulia. Baiskeli hii kwenye lami ni ng'ombe wa kulimia aliyepelekwa kwenye mbio za farasi: tairi zinavuma, malori yanakupitia, na unaangalia namba za betri badala ya kuangalia nchi. Nasema hivi kwa sababu kuna wanaonunua baiskeli za aina hii kwa ajili ya barabara kuu. Nunueni pikipiki.

Nanyamba nilisimama kwa mama ntilie mwenye umeme. Nilikula wali na samaki wa nazi, nikaomba soketi. Akaangalia chaja yangu, kubwa kama tofali, akaangalia mita ya LUKU ukutani.

"Hiyo itanimalizia uniti, mwanangu."

Nikamwambia tuiangalie pamoja. Mita ilisoma 6.4. Nikachomeka, taa ya kijani kwenye betri ikaanza kupepesa. Kila alipopita na sahani alitupa jicho ukutani. Wateja nao wakaanza kuangalia. Mmoja akasema itafika tano, mwingine akabisha. Baada ya saa moja na nusu betri imepanda kwa theluthi, mita inasoma 6.1.

Akashika kiuno. "Kumbe mwizi wangu ni pasi!"

Nilimlipa elfu moja, akataka kunirudishia chenji, nikakataa. Nimejifunza kuomba umeme kwa watu wenye mita tu. Vibanda vya kuchaji simu kwa sola havifai: chaja hii inavuta kama wati 150, ukiichomeka pale umemzimia mtu simu ishirini.

Barabara ya mbele inajengwa, kwa hiyo vumbi, magreda, njia za mchepuko. Vijana wa bodaboda wa Tandahimba walinizunguka jioni. Swali lao lilikuwa moja na lilikuwa zuri: "Kama ina mota, mbona unanyonga?" Nikampa mmoja azunguke uwanja. Alinyonga mara tatu, ikamruka chini yake, akapiga ukelele kama wa mtu aliyemwagiwa maji. Aliporudi hakuuliza tena.

Jumatano: Tandahimba hadi Newala

Leo niliiacha barabara.

Juu ya uwanda wa Makonde, vijiji vimeunganishwa kwa njia za miguu zinazopita katikati ya mikorosho. Upana wake ni futi moja na nusu. Udongo mwekundu uliochanganyika na mchanga, lakini umekanyagwa miaka na miaka na nyayo na baiskeli za kubeba maji, na wakati wa kiangazi unakuwa mgumu na laini kwa pamoja, kama sakafu iliyosiribwa. Njia haijanyooka hata mita hamsini. Inazunguka mkorosho, inakwepa kichuguu, inashuka kibonde, inapita nyuma ya choo cha mtu, inaibukia uwanjani kwa mtu. Asubuhi nzima niliendesha kwa ngazi ya kwanza na ya pili na sikutaka iishe.

Ni msimu wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho. Mashine za kubeba mgongoni zinanguruma huku na huku, na harufu inakaa kooni. Mikorosho imetoa maua. Katikati ya ngurumo hizo, baiskeli haisikiki kabisa, na hapo ndipo nilipopata kesi na bibi mmoja aliyekuwa amejitwisha kuni. Nilitokea nyuma yake. Aligeuka, kuni zikaenda chini.

"Ntoto wa nani wewe?"

"Shikamoo bibi. Nisamehe, ni wa Newala."

"Marahaba. Unakuja kama nchawi! Hata pikipiki ina adabu, inapiga hodi."

Nikamfungia kuni zake, nikamtwika. Alinionyesha njia fupi ya kuelekea Newala na akanipa ming'oko minne, mizizi ya porini, ya kuchemsha kutoka kwenye fundo la kanga, bado ina joto. Kuanzia hapo nilifunga kopo la maziwa lenye kokoto mbili kwenye usukani. Linapiga kelele kila nikipita kwenye mzizi. Watu wananisikia, wanasogea, tunasalimiana bila mimi kusimama, na ninasikia jibu. Kwa pikipiki salamu ni mkono tu hewani.

Newala niliingia saa nane nikiwa na asilimia 38. Nyumba ya mama mkubwa bado ina lile tangi la saruji la kuvunia maji ya mvua, mbele, mahali ambapo wengine wangeweka bustani.

Alhamisi: Shimo la Mungu

Umeme ulikatika usiku. Nilichomeka betri saa mbili usiku, saa tatu giza, asubuhi inasoma 61. Nilinung'unika kidogo, mama mkubwa akanitazama huku ananawa uso kwa kikombe kimoja cha maji, kisha yale maji akayamwagia mche wa mpapai.

"Una nusu," akasema. "Nusu si unaenda nayo?"

Watu wa juu huku wamekulia hesabu hiyo. Uwanda wa Makonde hauna mito. Mvua ikinyesha, udongo unaimeza yote. Kabla ya maji ya bomba kutoka Mitema, na hata baada yake pale pampu zinapokuwa na siku mbaya, maji yalikuwa chini, mabondeni, na mtu wa kuyaleta juu alikuwa mwanamke. Mama mkubwa alianza akiwa na miaka saba. Wanaamka alfajiri ya jogoo wa kwanza, wanashuka gizani, wanapanga foleni kwenye kisima, wanapanda jua likiwa linachoma.

Nilitaka kushuka njia ile. Shimo la Mungu ndilo jina la mahali uwanda unapokatika. Umesimama mjini Newala, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, hatua mbili mbele hakuna kitu: ukuta wa msitu unashuka, halafu bonde kubwa la rangi ya moshi, halafu Ruvuma kama uzi, halafu Msumbiji. Asubuhi ukungu umejaa mle ndani na ndege wanaruka chini yako.

Njia ya kushukia ina mawe na mizizi. Nilishusha siti kabisa, nikasimama juu ya pedeli, matako nyuma ya siti, vidole viwili tu kwenye breki za diski. Uzito ambao konda aliulalamikia hapa ni baraka, baiskeli inakaa chini haiyumbi. Mawe ambayo nikiwa mdogo tuliyashuka kwa kukalia, shokapu ziliyameza moja moja. Sehemu mbili nilishuka kwa miguu, sina aibu. Kisimani saa yangu ilisema nimeshuka mita 310.

Sasa kupanda. Ngazi ya tatu, gia nyepesi kabisa, mwili mbele ili gurudumu lisinyanyuke. Ni kazi, tusidanganyane. Moyo ulikuwa unapiga masikioni. Mota haikubebi, inakuongezea mtu wa pili mwenye mguu kama wako. Unachagua mstari, unakwepa jiwe, unanyonga taratibu bila kuacha, kwa sababu ukiacha kunyonga mota nayo inaacha na huwezi kuanza tena kwenye mwinuko ule. Nilikuwa nafurahi kwa namna ya kijinga, nikiongea na mawe. Nusu ya mlima, mbele ya kona kali, nikabadilisha gia nikiwa nimekanyaga kwa nguvu zote.

Paa! Cheni chini.

Kosa langu, na ni kosa linalojulikana: ukiwa na mota, unabadilisha gia kabla ya mlima, unalegeza mguu kidogo ndipo unabonyeza. Nguvu mbili zikikutana kwenye kiungo kilichokaa upande, kiungo kinafunguka. Kiungo cha akiba nilikuwa nacho, kifaa cha kutolea kiungo kilichoharibika nilikuwa nimekisahau Dar. Nikasukuma. Kuna kitufe cha kuifanya baiskeli itembee yenyewe unapoisukuma, lakini bila cheni ni pambo. Kilo 24, mwinuko ule, jua la saa nne.

Wasichana wawili walinipita na ndoo za lita ishirini kichwani. "Pole, kaka," wakasema, wala hawakupunguza mwendo.

Juu, chini ya mwembe, fundi wa baiskeli alikuwa anaziba pancha. Aliiangalia cheni, nyembamba kuliko zote alizowahi kushika, akaiweka juu ya nati kubwa, akachukua msumari aliousaga ncha, nyundo, pigo moja dogo, la pili, pini ikatoka. Kiungo kibovu akakitupa. Mimi nikafunga kiungo cha akiba, nikakanyaga, kikalia "tak" kikakaa. Alitaka mia tano.

Jioni nilimweleza mama mkubwa. Alicheka mpaka akashika ubavu, hasa pale pa wasichana. Akaniuliza kupanda kote kule kumekula nini. Nikamwonyesha: kabla cheni haijakatika, asilimia tisa. Akafikiri. "Sisi tulikuwa tunakunywa uji tunaenda," akasema, akarudi kuchambua mboga.

Mota yangu na miguu yake sitaziweka kwenye mizani moja. Ninachosema ni kwamba sijawahi kufurahia baiskeli kama kwenye mlima ule, hadi cheni ilipokatika.

Ijumaa: Newala hadi Masasi, basi hadi Lindi

Kushuka kutoka uwanda kuelekea Masasi ni kwepesi kama kulala. Vumbi la ujenzi ndilo baya. Nilifunga leso puani. Mbele unaona milima ya mawe ya Masasi, mikubwa, mitupu, imechomoza tambarare kama mkate ulioumuka. Niliingia watu wakitoka swala ya Ijumaa. Mbigili ilinichoma gurudumu la nyuma, nikaitoa, gundi ya maji iliyomo ndani ya tairi ikatoa povu kidogo ikaziba yenyewe. Hakuna tyubu ndani, na kwa nchi yenye mbigili sitarudi kwenye tyubu.

Masasi hadi Lindi ni lami ndefu, na msimamo wangu kuhusu lami mnaujua. Nikapanda basi. Konda huyu hakuuliza chochote.

Jumamosi: Lindi, Kitunda

Kuna mtu aliniambia niende Tendaguru, kilomita kama 60 ndani ya bara, kule Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi vichwani hadi bandari hii ya Lindi. Mmoja wa dinosaria hao amesimamishwa Berlin, urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13. Kwenda na kurudi bila mahali pa kuchaji, hesabu haikukubali. Nikivuka tena kusini nitalala njiani.

Badala yake nilipanda Mtanda asubuhi kuangalia ghuba, kisha nikavuka maji hadi Kitunda. Upande ule kuna minazi, vijia na vilima vifupi vya kupanda na kushuka. Saa mbili za starehe, ngazi ya pili, kopo la maziwa likilia.

Kwenye kivuli cha kusubiria kivuko alikaa mzee na Phoenix yake, nyeusi, fremu imefungwa mpira, kwenye keria kuna nazi sijui sabini. Aliizunguka ya kwangu mara mbili. Akabonyeza tairi. Akauliza bei, nikamwambia, akanyamaza kwa muda wa kutosha.

"Naweza kujaribu?"

"Karibu, babu. Ngoja niweke ngazi ndogo."

"Hapana. Zima kabisa. Miaka arobaini naendesha baiskeli, nataka kuijua kama baiskeli."

Nikaizima. Akapanda, akaondoka kuelekea kile kilima cha nyuma ya vibanda, kilo 24 na mota imelala. Tulimwangalia sote. Katikati ya mlima akayumba, akashuka, akaisukuma hatua chache, akasimama kuangalia bahari kana kwamba ndicho kilichompeleka. Akarudi akiiburuta, kanzu imemganda mgongoni, akanipa usukani.

"Washa."